Nani Amewekwa Katikati ya Picha?

Nilifika kwa kinyozi wangu pale Kibirizi, mjini Kigoma, jioni moja ya Jumamosi, nikakuta vijana wawili wamesimama juu ya meza, mmoja anapitisha rola ukutani na mwenzake anakoroga rangi kwenye ndoo kwa kipande cha ubao, na nusu ya ziwa imekwisha kufunikwa.

Ziwa hilo lilikuwa limechorwa kwenye ukuta wa nje wa saluni, unaotazama njia ya kwenda mwaloni, wanakotua wavuvi. Upande wa kushoto ulikuwa usiku: mitumbwi imetapakaa majini, kila mmoja na karabai yake, mwanga ukizama katika maji kwa michirizi ya njano. Upande wa kulia ulikuwa mchana, bila mpaka wowote kati ya giza na jua, na hapo wanawake watatu walikuwa wameinama wakianika dagaa mchangani, mmoja amebeba mtoto mgongoni. Mikono yao ilikuwa mikubwa kuliko vichwa vyao. Mtu aliyesomea uchoraji angetabasamu.

"Kaka, ukuta ulishachoka," kinyozi aliniambia kabla sijauliza. "Hawa wanapaka bure, na wamenipa na mwavuli."

Kampuni moja ya simu ilikuwa imeumaliza mtaa mzima kwa namna hiyo, kwa rangi za tangazo lake. Niliingia, nikakaa kitini, nikanyolewa. Nje rola iliendelea kupanda na kushuka.

Hakuna aliyelalamika.

Jambo hilo limenikaa kichwani kwa majuma mengi, na si kwa sababu ya huzuni, maana huzuni ya namna hiyo huisha yenyewe. Kilichoninyima utulivu ni swali: ikiwa picha imeondoka na hakuna mtu aliyeidai, je, pale ukutani palikuwa na kitu chochote chenye thamani? Tumezoea kusema kwenye hotuba kwamba sanaa ni kioo cha jamii. Basi kioo kimepakwa rangi, na jamii imeendelea kununua mihogo ya kukaanga pembeni yake.

## Mwenye ukuta

Hoja ya kinyozi ni nzito na sitaki kuipita juu juu. Ukuta ni wake. Mvua za Kigoma zilikuwa zimeshautafuna upande wa chini, rangi ya mafuta ni ghali, na mchoraji alilipwa ujira wake miaka mingi iliyopita. Hakuna anayemdai mwenzake.

Hoja hiyohiyo ilitumika New York mwaka 1933. Diego Rivera, mchoraji wa Meksiko aliyejulikana kwa kuchora kwenye kuta za majengo ya umma, alikuwa akichora ukuta mkubwa ndani ya jengo jipya la Rockefeller Center. Katikati aliweka mfanyakazi anayeendesha mtambo. Upande mmoja akaingiza uso wa Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi. Nelson Rockefeller, wa familia yenye jengo, alimwomba auondoe uso huo, Rivera akakataa, akalipwa fedha zake zote, dola 21,000, akaambiwa ashuke jukwaani. Picha ilifunikwa, na Februari 1934 ikavunjwavunjwa ikawa kifusi. Mwenye ukuta alikuwa amelipa, na kwa mtazamo wake deni lilikuwa limekwisha.

Ila msaidizi mmoja wa Rivera, Lucienne Bloch, alikuwa ameipiga picha kwa siri kabla haijafunikwa. Kwa kutumia picha hizo, mwaka huohuo wa 1934 Rivera aliichora upya katika Jiji la Meksiko, ndani ya Palacio de Bellas Artes, na huko ipo mpaka leo.

Nilipokumbuka kisa hicho nilidhani kimenipa jibu: watu hawachukui nyundo kuvunja kitu kisicho na nguvu. Lakini jibu hilo halikunisaidia Kibirizi. Picha yetu haikuvunjwa kwa chuki. Ilifunikwa kwa sababu haikumkera mtu yeyote na haikumlipa mtu yeyote, na sina hakika kama hilo si baya zaidi.

## Maiti kwenye tanbihi

Mwaka 1840 Joseph Turner alionyesha London picha ya meli ya watumwa katikati ya dhoruba. Anga inawaka nyekundu na dhahabu, bahari imechafuka, na ukisogea karibu unaona mikono na mguu wenye pingu vikizama kati ya samaki wenye njaa. Wachambuzi wengi huihusisha picha hiyo na meli ya Zong, ambayo mwaka 1781 mabaharia wake waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 130 wakiwa hai, kisha wenye meli wakaenda kudai fidia ya bima kama mtu anayedai mzigo uliopotea.

John Ruskin, mhakiki mkubwa wa sanaa wa Uingereza wakati huo, aliisifu picha hiyo kuliko karibu kila kitu alichowahi kuona. Aliandika kurasa za sifa juu ya mawimbi, mwanga na rangi ya jua linalozama. Habari kwamba hiyo ni meli ya watumwa na kwamba maji yamejaa maiti aliiweka kwenye tanbihi, chini ya ukurasa.

Chini ya ukurasa!

Baadaye baba yake alimnunulia picha hiyo, wakaishi nayo nyumbani, na hatimaye Ruskin akaiuza kwa kuwa ilimtesa kuitazama. Nadhani hapo ndipo Turner alipomshinda mhakiki wake. Mwandishi anaweza kuamua kwamba kifo cha watu 130 ni jambo la pembeni, akalisogeza chini kwa herufi ndogo. Picha iliyotundikwa sebuleni haina chini ya ukurasa. Kila asubuhi mguu ule wenye pingu upo mbele yako, mahali palepale, na huwezi kuuruka kama unavyoruka aya. Leo picha hiyo iko Boston, katika jumba la makumbusho ya sanaa.

Ni kisa hiki, zaidi ya kile cha Rivera, kilichonigeuza. Nilianza kuona kwamba nilikuwa nauliza thamani ya picha kana kwamba ni swali la uzuri, ilhali kuna swali lililotangulia: katika picha hii, nani amewekwa katikati, na nani amesukumwa pembeni?

## Ujiji inayojulikana duniani

Sisi wa Kigoma tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza hivyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya dunia inaijua Ujiji kutokana na mchoro mmoja. Umechapwa katika kitabu alichokitoa mwaka 1872 Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuja Ujiji kumtafuta msafiri Livingstone, na tangu hapo umenakiliwa mahali pengi. Wazungu wawili wanavuliana kofia katikati. Nyuma ya mmoja wapo wapagazi na bendera; kando yao wapo wazee wa Kiarabu wenye vilemba; na watu wa Ujiji ni umati uliozunguka, uliochorwa ili ukurasa usibaki mtupu. Ukienda leo kwenye makumbusho pale Ujiji utazikuta sanamu za hao wawili, za ukubwa wa mtu, na watoto wa shule wakipelekwa pale husimama mbele yao kupiga picha.

Stanley mwenyewe ameandika kwamba mtu wa kwanza kumsalimu alipoingia mjini hakuwa Livingstone. Alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyejitokeza katika umati na kumsalimu kwa Kiingereza. Huyu ndiye Susi ambaye, pamoja na Chuma na wenzao, baada ya Livingstone kufa kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873, waliukausha mwili wake na kuubeba mpaka pwani, wakapitia Kwihara, karibu na Tabora, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Safari ile ingetosha picha kumi kubwa. Kwenye mchoro ninaousema, kumtambua Susi ni kazi ya kubahatisha.

Sisemi mchoro ule uchomwe, wala sanamu zile ziondolewe. Tukio lilitokea na ni letu pia. Ninachosema ni kwamba njia ile ile ya miembe ya Ujiji, iliyopitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa shingo kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, kuelekea Tabora na pwani, imebaki duniani kwa sura ya mabwana wawili wanaosalimiana kwa adabu. Mchoraji mmoja aliamua nani akae katikati, na zaidi ya miaka 150 baadaye bado tunatembeza wageni kwa mpangilio wake.

Kwa kipimo hicho, ukuta wa kinyozi haukuwa jambo dogo. Kazi ya ziwa ilikuwa katikati. Wanawake wa dagaa walikuwa mbele. Na mtazamaji wake mkuu alikuwa mvuvi yuleyule anayepita na nyavu begani na mama yuleyule mwenye beseni kichwani.

Nakumbuka mwaka 2024, uvuvi ulipofungwa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei hadi Agosti, ili samaki wazaliane. Usiku ukitazama kutoka Kibirizi kuelekea Kongo ilikuwa giza tupu, jambo ambalo watoto wengi hawakuwahi kuliona katika msimu wa giza la mwezi. Wavuvi walishinda vijiweni. Wachache walikuwa wakiegemea ule ukuta wa saluni wakibishana ni mtumbwi wa nani uliochorwa upande wa juu, na mmoja alisisitiza kwamba ni wa marehemu baba yake, kwa sababu ya namna ulivyopinda mbele. Wakati ule niliona ni soga za kupoteza muda.

## Kuhusu bei nitasema kidogo

Mazungumzo ya picha maarufu huishia kwenye fedha, na mimi naona huko ndiko yanakopotelea. Novemba 2017 picha iitwayo Salvator Mundi, inayodaiwa kuwa ya Leonardo da Vinci, iliuzwa kwa mnada New York kwa dola milioni 450.3. Mwaka 2005 ilikuwa imenunuliwa kwa chini ya dola 10,000. Mbao ni zilezile. Kilichobadilika, mbali na kusafishwa na kukarabatiwa, ni imani ya watu juu ya aliyeipaka, na hata hiyo bado inabishaniwa. Tangu iuzwe haijaonyeshwa hadharani. Picha ya bei kubwa kuliko zote haitazamwi na yeyote, na ukuta wa Kibirizi, uliogharimu labda mitungi michache ya mawese, ulitazamwa kila siku na mamia ya watu.

Basi, tuendelee.

## Mikono mikubwa

Mwaka 1857 Jean-François Millet alionyesha Paris picha ya wanawake watatu walioinama shambani wakiokota masuke yaliyobaki baada ya mavuno. Hiyo ilikuwa ni haki ya maskini: mwenye shamba akishavuna, wao huruhusiwa kuokota mabaki. Nyuma kabisa, kwa udogo, yapo malundo ya nafaka na msimamizi juu ya farasi. Mbele, wakijaza picha, wapo hao watatu na migongo yao. Baadhi ya wahakiki walikasirika. Kumbukumbu ya mapinduzi ya 1848 ilikuwa bado mbichi, na waliona hatari katika kuwapa wanawake fukara nafasi ambayo kwa kawaida walipewa wafalme na watakatifu.

Vincent van Gogh alimpenda Millet mno, akanakili kazi zake mara nyingi. Mwaka 1885, akiwa Nuenen huko Uholanzi, alichora familia ya wakulima wakila viazi chini ya taa moja. Rafiki yake mchoraji, Anthon van Rappard, alimkosoa vikali kwamba viungo vya watu hao vimechorwa vibaya. Van Gogh alikuwa amemweleza ndugu yake Theo kwa barua kwamba alitaka ionekane wazi kuwa mikono inayoingia kwenye sahani ndiyo iliyolima ardhi ile.

Niliposoma hayo niliwakumbuka wale wanawake wa dagaa, na nikajiambia kwamba fundi wetu naye alikuwa na falsafa yake. Subirini tutafika kwake.

Ila kisa cha Van Gogh kina sehemu ya pili, na ndiyo inayotuhusu zaidi. Alikufa Julai 1890 akiwa ameuza kazi chache sana. Inayojulikana zaidi ni shamba jekundu la mizabibu, lililonunuliwa na Anna Boch huko Ubelgiji kwa faranga 400. Theo naye akafa miezi sita baadaye. Mamia ya picha na marundo ya barua yakabaki kwa mjane wa Theo, Johanna, aliyekuwa na mtoto mchanga. Alishauriwa aziondoe. Badala yake alizitunza, akaziazimisha kwenye maonyesho, akauza kwa mpango, mwaka 1905 akaandaa maonyesho makubwa Amsterdam, na mwaka 1914 akachapisha barua. Jumba la makumbusho lenye jina la Van Gogh lilifunguliwa mwaka 1973, baada ya mtoto yule, akiwa mzee, kuhakikisha kwamba mkusanyiko haugawanyiki.

Kwa hiyo umaarufu ule haukujileta. Kuna mtu aliyekataa kuziona picha zile kama ukuta wa kupakwa upya.

## Wanyama wanaouzika

Na sisi tuna wachoraji wakubwa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuchora Dar es Salaam kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, na kazi zake ziliuzwa Oysterbay, hasa kwa wageni. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, na wanafunzi wake wamewafundisha wengine hadi leo.

Naupenda mtindo huo, rangi zake hazina woga. Lakini ukizitazama nyingi kwa pamoja unaona katikati wamekaa twiga, tembo na chui, na sababu inaeleweka: mnunuzi ni mtalii, na mtalii amekuja kuwaona wanyama. Sam Ntiro wa Machame, aliyesoma Makerere na baadaye London, na kuwa balozi wetu wa kwanza Uingereza baada ya uhuru, aliwaweka katikati wanavijiji wa Uchagani. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iko katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Ni heshima kubwa. Mtoto wa Machame, au wa Urambo, au wa Kasulu, ataionea wapi?

Hapa ndipo nimefika, na sioni pa kupita: kwa wengi wetu picha pekee tutakazowahi kusimama mbele yake, kwa ukubwa wake halisi, ni zile za kuta za saluni, vibanda, maboti na migahawa. Hatuna nyingine za kuringia. Zikifunikwa kwa rangi ya tangazo, kinachokaa katikati ni tangazo.

## Kwa fundi

Fundi aliyeuchora ukuta ule nilimpata mtaa wa Mwanga, kwenye kibaraza, anaandika namba za usajili ubavuni mwa boti. Kazi za mabango zimekufa, alisema, tangu watu waanze kuprinti. Bango la turubai linatoka kwa saa moja na lina picha ya mwenye duka mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unaandikisha boti?"

Nilimweleza kuhusu ukuta wa Kibirizi. Alikuwa na habari. Nikamuuliza juu ya ile mikono, nikitarajia maelezo ya kina juu ya kazi na jasho la akina mama.

"Nilianza na mikono," alijibu bila kuinua brashi. "Nilipofika kwenye vichwa, dirisha likanizuia."

Tulicheka mpaka mwenye boti akatoka kuangalia. Lakini nilipouliza kwa nini wanawake wale aliwaweka mbele na mitumbwi nyuma, hakucheka. Alisema mitumbwi inaonekana ziwani kila siku, yeyote anaweza kuitazama. Anayeanika dagaa hatazamwi na mtu mpaka siku dagaa zikilowa.

Nilimwonyesha picha ya ukuta ule kwenye simu yangu, niliyoipiga siku ya mchango wa harusi, vijana wakiwa wamesimama mbele yake. Robo tatu ya mchoro inaonekana. Aliikuza kwa vidole, akakagua, akasema bluu ya upande wa usiku ilikuwa imepauka na kwamba sasa angetumia nyingine.

Nilipeleka wazo kwa viongozi wa mwalo kwamba ukuta wa ghala lao, ambao hauna tangazo, uchorwe kwa michango. Walikubali haraka kuliko nilivyotazamia. Fundi ametoa masharti: ukuta upigwe plasta kwanza, rangi iwe ya mafuta, na jina lake pamoja na namba ya simu viandikwe chini, kwa herufi zinazosomeka. Ubishi umekuja kwenye picha yenyewe. Mmoja wa viongozi anataka boti lake jipya, lenye injini mbili, likae katikati. Akina mama wa dagaa, ambao mpaka sasa wametoa zaidi ya nusu ya fedha, wamesema hawachangii boti la mtu. Katikati ziwekwe chanja, na boti litafutiwe nafasi huko nyuma. Kijana mmoja amependekeza Susi na Chuma, wazee wakamwuliza hao ni wa ukoo gani.

Kikao kimeahirishwa hadi mbalamwezi, wavuvi watakapokuwa nchi kavu.